Pasipoti inasema kwao ni Gersau, na hakuna aliyewahi kuishi huko

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi, nami nafupisha: "Mume wangu ni Mswisi. Watoto wetu wawili wamezaliwa hapa hapa Tanga. Pasipoti zao za Uswisi zilipofika, pale nilipotarajia kuona mahali pa kuzaliwa pameandikwa Gersau SZ. Mume wangu amezaliwa Zürich na hajalala hata usiku mmoja Gersau. Baba yake vile vile. Je, ofisi imekosea? Kama haijakosea, Gersau ni kitu gani, na watoto wangu wana haki gani huko? Wakwe zangu nikiwauliza wanacheka tu."

Dada yangu, ofisi haijakosea. Usiirudishe pasipoti. Pasipoti ya Uswisi haiandiki mahali pa kuzaliwa kabisa. Huandika kile ambacho kwa Kijerumani huitwa Heimatort, na sisi tuna neno zuri kuliko lolote la kukieleza: kwao. Mtu wa Dar akiulizwa "kwenu wapi?" hajibu Sinza wala Mbagala. Anajibu Usambara, Kilwa, Songea, hata kama yeye na baba yake wamezaliwa mjini. Uswisi wamelichukua swali hilo hilo wakalipiga muhuri wa serikali. Kila Mswisi ana kijiji au mji ambao ukoo wake umeandikwa, na maandishi hayo yanarithiwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto popote watakapozaliwa. Katiba yao yenyewe, ibara ya 37, inaanzia chini kwenda juu: raia wa Uswisi ni yule aliye raia wa kijiji fulani na wa kantoni fulani, yaani jimbo. Kwa hiyo mwanao si Mswisi ambaye kwa bahati ana kijiji. Ni Mswisi kwa sababu ana kijiji.

Na kijiji alichokipata si cha kawaida. Nimekaa miaka mingi karibu na ziwa ambalo kijiji hicho kiko kando yake, na kila ninapopata nafasi ya kuelezea Gersau naifurahia, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

SZ ni kifupi cha Schwyz, kantoni iliyoipa nchi nzima jina lake. Gersau iko kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa liitwalo Vierwaldstättersee, ziwa lililojikunja kunja katikati ya milima, lenye kilomita za mraba 114 na kina cha mita 214 pale lilipo refu zaidi kwenda chini. Kijiji kimekaa juu ya kifusi cha mawe na udongo ulioteremshwa na vijito kwa maelfu ya miaka. Nyuma yake milima ya Rigi inapanda ghafla. Kilele cha Hochflue kiko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali maji ya ziwa yako mita 434. Yaani ukisimama gatini, mbele yako ni maji na mgongoni ni ukuta. Ukuta huo unakinga upepo wa kaskazini, na jua la kusini linapiga kijiji moja kwa moja, ndiyo maana utakuta mitini na minazi-mwitu ya mapambo mahali ambapo mtu angetegemea theluji tu. Theluji iko, lakini juu.

Kwa nchi kavu kuna njia mbili za kutoka: magharibi kwenda Vitznau, mashariki kwenda Brunnen kwenye stesheni ya reli. Barabara hiyo ya kando ya ziwa ni kitu cha karne ya 19. Kabla ya hapo, mtu wa Gersau aliyetaka kwenda sokoni, mahakamani au vitani alipanda mtumbwi. Watu wa pwani mtaelewa haraka kuliko watu wa bara: ziwa halikuwatenga, ndilo lililokuwa barabara yao. Hadi leo meli za abiria hutia nanga pale, na katika msimu wa watalii kuna pantoni ya magari inayovuka kwenda Beckenried ng'ambo.

Sasa, watu hawa wachache waliobanwa kati ya mlima na maji walikuwa na nchi yao. Nasema nchi, si kijiji.

Katika karne ya 14 Gersau ilikuwa mali. Haki za kuitawala, kukusanya kodi na kuhukumu zilikuwa zimeangukia mikononi mwa familia ya mabwana wa Luzern iliyoitwa von Moos, kama vile mtu anavyoweza kumiliki shamba la minazi pamoja na watu waliomo. Hata hivyo mwaka 1359 Gersau tayari ilikuwa imefunga mkataba na majirani zake wakubwa wa ziwani, Uri, Schwyz, Unterwalden na Luzern, ikihesabiwa mshirika wao wa kusaidiana vitani. Kisha mwaka 1390 wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko vita vyovyote: walijinunua. Walichanga pauni 690, wakawalipa akina von Moos, na kuanzia hapo hawakuwa na bwana. Pauni ya siku zile haikuwa noti. Ilikuwa hesabu ya sarafu ndogo 240 za fedha. Zidisha, utapata sarafu zaidi ya 165,000, kutoka kwa wachungaji na wavuvi. Mwaka 1433 Kaisari Sigismund wa Dola Takatifu ya Kirumi akawaandikia waraka wa kuthibitisha uhuru wao, kwamba wako chini ya Kaisari moja kwa moja, bila mtu mwingine katikati.

Tangu hapo hadi 1798 Gersau ilikuwa jamhuri, moja ya ndogo kabisa Ulaya. Wanaume wake walikutana uwanjani, wakamchagua kwa mikono mkuu wao aliyeitwa Landammann, wakatunga sheria, wakahukumu kesi zao wenyewe. Wanawake hawakuwemo, na nitarudi kwenye hilo. Jeshi la Wafaransa lilipoingia Uswisi mwaka 1798, jamhuri ikafutwa. Napoleon alipoporomoka, mwaka 1814 watu wa Gersau wakakutana tena na kuirudisha nchi yao kana kwamba walikuwa wametoka nje kidogo tu. Haikudumu. Baraza la muungano likaamua wajiunge na Schwyz, na tarehe 1 Januari 1818 wakaingia. Lakini hawakuingia kama kijiji cha mtu. Waliingia kama wilaya, na ndivyo walivyo hadi leo. Kantoni ya Schwyz ina wilaya sita, na wilaya ya Gersau ina kijiji kimoja tu ndani yake, yaani Gersau. Hivyo watu wasiofika 3,000 wana halmashauri yenye hadhi ya wilaya, na kwa miaka mingi wamekuwa hata na mahakama yao ya wilaya.

Fedha zao zilitoka wapi? Milimani walifuga ng'ombe, lakini utajiri ulikuja na hariri. Karne ya 18, wafanyabiashara wa Gersau walinunua masalio ya hariri kutoka Italia kupitia njia ya mlima ya Gotthard, yale manyuzi mafupi yanayobaki baada ya uzi mrefu kuvutwa kwenye kifukofuko. Waliyagawa kwa familia za kijijini na za mabonde ya jirani, zikachambua na kusokota nyumbani wakati wa baridi. Baadaye vikaja viwanda vinavyoendeshwa kwa nguvu ya vijito vile vile nilivyovitaja. Kanisa kubwa la Mtakatifu Marcellus, lililojengwa kati ya 1807 na 1812, litakushangaza kwa ukubwa wake ukilinganisha na kijiji. Hariri ndiyo inayoeleza.

Lakini swali lako si hariri. Unataka kujua kwa nini jina la mahali hapa limemfuata mwanao hadi Tanga.

Asili yake ni njaa. Mwaka 1551 baraza la washirika wa Uswisi liliamua kwamba kila mahali palee maskini wake wenyewe. Ikabidi basi ijulikane nani ni maskini wa nani. Ukiwa na jina kwenye kitabu cha Gersau, hata ungekuwa kibarua Basel kwa miaka 30, siku ukivunjika mguu au ukiachiwa watoto yatima wanne, mzigo ni wa Gersau. Huo ndio uliokuwa uzito wa neno Heimatort. Halikuandika ulikozaliwa. Liliandika nani hana ruhusa ya kukufungia mlango.

Jambo hilo lilikuwa na upande wa pili, nami sitaki ulijue nusu. Kijiji kinachobeba kila aliyeandikwa kitakuwa mkali kuhusu nani anaandikwa. Vijiji vingi vya Uswisi viliongeza ada ya kuingia ukaazi hadi mgeni asiweze kuilipa. Vilikataza maskini wasioe, kwa hofu ya watoto wao, mpaka katiba ya shirikisho ya 1874 ilipoilinda haki ya ndoa. Karne ya 19, vingine viliwalipia maskini wao nauli ya kwenda Amerika ili tu wasiwalishe. Na wakazaliwa watu wasio na kwao kabisa: watoto wa ndoa zilizokataliwa, waliofukuzwa kwa kubadili dini, na watu wa kusafirisafiri waliotengeneza masufuria, wakanoa visu na kusuka vikapu njiani, ambao leo wengi wao hujiita Wajenishi. Hao walifukuzwa kutoka mpaka hadi mpaka kama mbwa. Kulikuwa na siku maalumu za kuwawinda.

Gersau inaingia hapa kwa namna ninayoipenda sana. Enzi za jamhuri, kila mwaka wakati wa sikukuu ya kanisa, kijiji kiliwafungulia watu hawa mlango kwa siku chache. Walikuja kutoka kila upande, wakala, wakacheza ngoma, wakaozesha watoto wao, wakapeana habari za waliokufa mwaka huo. Mkusanyiko huo uliitwa Fekkerkilbi, na ulidumu hadi 1832. Nchi iliyojinunua yenyewe ilijua kidogo maana ya kukosa pa kusimama, au ndivyo ninavyopenda kuamini. Mwaka 1850 shirikisho likatunga sheria ya kuzilazimisha kantoni na vijiji kuwaandika watu wasio na kwao. Vijiji vilinung'unika, lakini viliandika. Hayakuishia hapo mateso yao. Kati ya 1926 na 1973, taasisi moja ya watoto kwa msaada wa serikali iliwanyang'anya Wajenishi watoto wapatao 600 ili kuwavunja wasisafiri tena, na rais wa shirikisho aliomba radhi hadharani mwaka 1986. Katika miaka ya 1980 Wajenishi walirudi Gersau kusherehekea tena.

Nilisema nitarudi kwa wanawake. Dada yangu, kwa muda mrefu Heimatort ya mwanamke ilikuwa kitu cha kuazimwa. Akiolewa, anaandikwa kwa mumewe na kwao kunafutwa. Akiolewa na mgeni, hapotezi kijiji tu, anapoteza na nchi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na wanawake waliozaliwa na kulelewa Uswisi waliokataliwa kuingia mpakani kwa sababu hiyo. Kanuni ile ililegezwa kwa sheria ya uraia ya 1952. Haki ya kupiga kura za shirikisho wanawake waliipata tarehe 7 Februari 1971, baada ya wanaume kuwakatalia mwaka 1959. Tangu Januari 2013 kila mmoja katika ndoa hubaki na jina lake, isipokuwa wachague jina moja la familia, na hata hapo kila mmoja hubaki na kwao. Wazazi wote wawili wakiwa Waswisi, mtoto hufuata kwao mzazi ambaye amechukua jina lake; akiwa Mswisi mmoja tu, humfuata huyo. Ndiyo maana watoto wako ni wa Gersau: kati yenu wawili, Mswisi ni baba.

Na wewe mwenyewe? Ndoa peke yake haikufanyi raia. Hiyo iliisha mwaka 1992. Kuna njia iliyorahisishwa kwa wenzi wa Waswisi. Kwa anayeishi nje ya Uswisi kama wewe, lazima ndoa iwe imetimiza miaka sita na uoneshe kuwa una uhusiano wa karibu na Uswisi. Ukikubaliwa, unaandikwa pale pale alipoandikwa mumeo. Utakuwa mtu wa Gersau kwa karatasi, kutoka Tanga. Kabla hujaanza, fikiri vizuri: sheria ya uraia ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili.

Sasa haki za watoto. Nianze na kile wasichonacho, kwa sababu ndugu wa mume wanapocheka nadhani wanacheka hapo. Hawana kiwanja Gersau. Heimatort haikupi ardhi, nyumba wala kazi. Msituni na kwenye malisho ya juu kuna ardhi ya pamoja inayomilikiwa na ushirika wa kale uitwao Genossame, ambao kwa umbo lake ungefanana na ardhi ya ukoo kwetu. Lakini kuwa raia wa Gersau si kuwa mwanachama wake. Ushirika wa namna hiyo una kanuni zake, na kwa kawaida huangalia uzao wa koo fulani za zamani na kama mtu anaishi pale. Mumeo akitaka kujua kama jina lake ni mojawapo, awaulize wenyewe kwa barua. Ni watu wa kujibu barua.

Wala Gersau haitawalea wakianguka. Ule wajibu wa 1551 umehamishwa hatua kwa hatua. Tangu sheria ya mwaka 1977, anayekusaidia ni mahali unapoishi, na hata deni dogo lililokuwa limebaki, la kantoni ya asili kurudishia kantoni nyingine gharama, lilifutwa mwaka 2017. Kodi nayo hulipwa unapoishi. Ndiyo maana Waswisi wengi wa mjini wanaiona Heimatort kama mkia usio na kazi, na kuna wasioweza kuionesha ya kwao kwenye ramani. Mimi sikubaliani nao, ila nawaelewa.

Ukiishi Gersau, ndipo kijiji kinakuwa na mambo mengi. Raia wenye haki ya kura huitwa kwenye mkutano wa wilaya. Mkuu wao sasa huitwa Bezirksammann, na halmashauri yake huleta bajeti na hesabu mbele ya watu. Mtu yeyote husimama akauliza kwa nini bomba la mtaani kwake bado linavuja. Mambo mengi ya matumizi makubwa hujadiliwa pale kisha hupelekwa kwenye sanduku la kura siku nyingine. Watu wanaokaa meza moja ya halmashauri kwa kawaida wana kazi zao: seremala, mwalimu, mwenye hoteli. Nimewahi kukaa viti vya nyuma katika mkutano wa namna hiyo kwenye kijiji kingine cha ziwa lile, kama mgeni asiye na kura. Kilichonikaa moyoni ni ukimya. Mkulima aliongea dakika tano kuhusu kivuko cha mto, na hakuna aliyemkatiza, hata wale waliokuwa na sura za kuchoka.

Tuje kwa kile watoto wako walichonacho hakika. Kwanza, wamesajiliwa, na hilo ndilo kubwa. Mtoto wa Mswisi aliyezaliwa nje ya nchi na mwenye uraia mwingine huupoteza wa Uswisi akitimiza miaka 25 kama hajawahi kutangazwa kwa mamlaka ya Uswisi. Zamani ilikuwa 22. Wako wameshavuka kikwazo hicho. Lakini watoto wenu wakizaa nje ya Uswisi, wajukuu nao lazima waandikishwe, kila mmoja kwa cheti chake cha kuzaliwa. Mimi nimekutana na familia zilizogundua hivyo wakati mtoto ana miaka 26. Weka vyeti vya RITA mahali pakavu na usingoje.

Pili, ni kura. Mswisi anayeishi nje hupiga kura za shirikisho akishafika miaka 18 na kujiandikisha kupitia ubalozi. Swali ni kura yake ihesabiwe wapi. Sheria inasema: pale alipoishi mwisho Uswisi. Na kama hajawahi kuishi Uswisi, kama walivyo wanao, basi kwa Heimatort yake. Hapo ndipo lile jina linaposimama na miguu miwili. Bahasha ya kura, hadi mara nne kwa mwaka, itatoka Uswisi kuja Tanga, na ikirudi itahesabiwa pamoja na kura za Gersau. Mwanao atakuwa akiamua juu ya pensheni, reli na mikataba ya nchi pamoja na watu wanaomwona mwenzao kwenye daftari. Posta ndiyo kikwazo. Bahasha ikifika, ajaze na kuirudisha siku hiyo hiyo.

Tatu, mumeo anaweza kujua ukoo uliingiaje. Kuna orodha ya majina ya koo zote za Uswisi zilizokuwa na uraia wa kijiji mwaka 1962, na inaonesha kama ukoo uliandikwa kabla ya 1800 au baadaye. Inapatikana bure mtandaoni. Majina kama Camenzind, Küttel, Nigg na Baggenstos ni ya kale kabisa pale. Kama lake liliingia kabla ya 1800, basi babu zake walikuwa raia wa ile jamhuri.

Mwisho, jambo moja ambalo hukuuliza. Mwanao mkubwa akifika 18, bahasha ya kwanza ya Gersau na uamuzi wa uraia wa Tanzania vitamfikia mwaka mmoja, kwa kuwa sheria yetu inamtaka achague. Mketi naye mapema, baba na mama pamoja, akiwa na miaka 15 au 16. Na kama nauli itapatikana kabla ya siku hiyo, mpelekeni. Mshuke Luzern mpande meli badala ya basi, mkae upande wa kushoto. Kijiji kinatokea ghafla baada ya kona ya mlima, na mnara wa kanisa ndio unaoonekana kwanza.